Mgeni Ana Silabi Ngapi?

Gongo ni neno la silabi mbili, na mkazo wake umekaa mwanzoni, kwenye go. Liongezee -ni ya mahali, mkazo unahama bila kuombwa: Go-ngo-ni, na sasa ngo ndiyo inayobeba mzigo. Nimekulia jirani na kata hiyo ya Manispaa ya Tabora, na sijawahi kumsikia kondakta, muuza maembe wala mtoto wa chekechea akikosea. Watu wa Kilifi nao wana Gongoni yao kule Magarini, na huitamka vilevile. Kama jina linatokana na gongo la mti au na ile gongo nyingine inayofichwa kwenye madumu, hilo ni la wazee wa mtaa, mimi simo. Nataka tu msomaji aone jinsi mkazo wa Kiswahili ulivyo: haukai kwenye neno, unakaa kwenye nafasi. Nafasi ni ya pili kutoka mwisho. Neno likirefuka, mkazo unasogea mbele kama mtu anayepisha wenzake kwenye benchi.

Babu yangu mzaa baba alijua hayo bila kufundishwa. Alikuwa Mnyamwezi wa Unyanyembe, mfanyakazi wa reli, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitunga shairi la kumkaribisha mkwewe. Mkwe huyo, ambaye ndiye mama yangu, alitoka Bagamoyo. Alikuja kwa treni na masanduku mawili na shangazi wa kumsindikiza, na kabla hajaondoka kwao alikuwa ameshajazwa maneno kuhusu watu wa bara wasiojua Kiswahili, kwamba ataishi miaka akisikia "l" palipo na "r" na "r" palipo na "l". Maneno hayo yalimfikia babu, kama maneno ya ukweni yafikavyo. Hakununa. Akakaa na kalamu, akatunga beti sita, akazipeleka gazetini ili zichapwe na Bagamoyo wazisome.

Zilirudi. Katika bahasha mlikuwa na karatasi ndogo yenye sentensi moja, kwamba mizani ya mshororo wa kwanza imezidi. Kipande cha kwanza cha mshororo huo kilikuwa hivi: Karibu mgeni wa mbali.

Shairi la kawaida la Kiswahili, lile la mishororo minne kwa ubeti, lina vipande viwili vya mizani nane nane katika kila mshororo, na mizani ni silabi. Hesabu mwenyewe: ka-ri-bu-m-ge-ni-wa-mba-li. Tisa. Babu alihesabu nane. Amehesabu mbele yangu mara nyingi, kidole kwa kidole, na kila mara alipofika kidole cha nane alikuwa amemaliza: ka, ri, bum, ge, ni, wa, mba, li. Ile m ya mgeni ilikuwa imeegemea bu na kupotelea humo. Ukisema kwa mwendo wa kawaida, kama mtu anayemlaki mtu stesheni na si kama mwalimu wa imla, nawe utaisikia ikiegemea.

Basi nani alikosea? Kwa sheria, babu. M ya mgeni ni silabi kamili ingawa haina irabu, sawa na m ya mtu na n ya nchi. Tena katika maneno mafupi ndiyo yenye mkazo: m-tu, n-chi, m-bwa. Mgeni wa lugha husikia mtu akadhani ni pigo moja la ulimi, kumbe ni mawili, na lenye nguvu ni lile la kwanza ambalo midomo imefungwa. Lakini mbuzi ni mbili tu, mbu-zi, kwa kuwa m hapo imeungana na b. Na mbu? Hiyo ni m-bu, mbili pia, kwa sababu neno zima haliwezi kusimama kwa silabi moja na m inalazimika kutoka mafichoni. Herufi zilezile tatu, m na b na u, ni silabi moja kwenye mbuzi na mbili kwenye mbu. Anayesema silabi za Kiswahili ni rahisi hajajaribu kuzitungia shairi.

Kinyamwezi chenyewe kingeweza kumwokoa babu. Kwetu mtu ni munhu: mu ina irabu yake na hakuna wa kuimeza. Kiswahili kiliidondosha u hiyo zamani, lakini hakikufuta nafasi yake, ndiyo maana m bado inahesabiwa. Kwa hiyo munhu na mtu bado wana silabi mbili mbili, ingawa mmoja amebaki na mfupa tu. Ila babu hakujifunza Kiswahili kwa kukilinganisha na cha mama yake. Alijifunza kwenye reli na sokoni, mahali ambapo maneno hukimbia.

Na lugha hiyo ilifika sokoni kwa miguu. Richard Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, mahali ambapo sasa ni Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Miezi minne na zaidi njiani. Aliyewapokea alikuwa mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, mwenye nyumba, ghala na desturi zote za mji wa pwani, katikati ya Unyanyembe. Waliobeba mizigo ya njia hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa Wanyamwezi. Walishuka pwani na pembe, wakapanda na nguo, shanga na nyaya za shaba, na katika kushuka na kupanda huko maneno yalisafiri pande zote mbili. Tumezoea kuhadithia kwamba Kiswahili kilitoka pwani kikaja kwetu kama zawadi. Siku rais wa nchi hii anapoingia Ikulu, anaingia kwenye neno la huku: ikulu ni makao ya mtemi, kwa Wanyamwezi na kwa Wasukuma. Lina hata ile i- ya mbele ambayo Kiswahili cha pwani hakina kawaida ya kuiweka kwenye majina yake. Dar es Salaam inalitamka kwa mkazo kwenye ku na kuendelea na shughuli zake.

Majina ya mahali yalipitia ulimi wa wengi. Wazee wengi wa Tabora husema jina la mji limetoka kwenye matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa vikauke, chakula cha safari. Siwezi kuapa kwa hilo, ila napenda kulisema kwa sauti. Ma-to-bo-lwa: mkazo uko kwenye bo. Ta-bo-ra: mkazo uko kwenye bo. Mwanzo umekatika, l imegeuka r, mwisho umepoteza w, na ile silabi iliyobeba nguvu iko palepale. Bagamoyo nayo wengi huieleza kuwa ni bwaga moyo, na watu hubishana kama ni moyo wa mpagazi aliyefika na kutua mzigo au wa mtumwa aliyeiona bahari na kukata tamaa. Sikio halitaamua ugomvi huo. Linachoweza kusema ni kwamba bwaga moyo ni maneno mawili yenye mikazo miwili, na Bagamoyo ni neno moja lenye mkazo mmoja. Ba imenyamaza ili mo isikike, na idadi ya silabi imebaki nne.

Watu wa misafara waliandikiana barua kwa herufi za Kiarabu, na hapo kuna jambo ambalo nilipolijua nililala usiku nikiwa nimechangamka. Herufi za Kiarabu zina njia ya kuonyesha irabu ndefu: alif, waw au ya huandikwa waziwazi ndani ya neno. Kiswahili hakina irabu ndefu za aina ya Kiarabu. Waandishi wa pwani walizitumia herufi hizo kwa kazi nyingine: mara nyingi waliziweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Safari inaandikwa na alif baada ya f, kana kwamba ni safaari. Maana yake masikio ya makarani wale yaliusikia mkazo, na kalamu zao ziliuandika, wakati hati ya Kirumi tuliyorithi baadaye haiuonyeshi hata kidogo. Kila tukisoma barabara tunategemea kujua kwanza kama ni ile ya magari, yenye mkazo kwenye ba ya pili, au ile ya "sawa barabara", yenye mkazo kwenye ra ya kwanza. Katakata ni vivyo hivyo: kukata vipandevipande, au kukataa kabisa. Na walakini: ikiwa ni dosari mkazo uko ki, ikiwa ni "lakini" mkazo uko la. Ni maneno machache, mengi yao wageni au ya kurudufiwa, na watoto wa shule hukaririshwa haya haya kila mwaka. Mengine yote yanatii.

Utii huo ndio Edward Steere alioukuta Unguja. Kitabu chake cha kufundisha Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na kanuni ya mkazo ilimchukua maneno machache tu: silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya nchi za Afrika Mashariki ya kulinda usanifu huo. Kwa mtu wa Tabora, uamuzi huo ulikuwa na maana moja ya kila siku: kuna Kiswahili kinachoandikwa, na hakikuzaliwa kwenu.

Kinyamwezi, kwa upande wake, hakifanyi kazi kwa mkazo. Kina irabu saba, kinatofautisha fupi na ndefu, na kinapandisha na kushusha sauti ili maana ijulikane. Clement Maganga na Thilo Schadeberg waliyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1992. Kiswahili kimeacha toni zake njiani na kubaki na mkazo mmoja usiohama nafasi yake. Kwa hiyo Mnyamwezi anaposema Kiswahili, anachukua wimbo aliozaliwa nao na kuupitishia kwenye mlango mwembamba. Kinachobaki ndicho shangazi wa mama yangu alichokiita "kuimba". Alisema ameshuka treni akakuta stesheni nzima inaimba. Sijui kama alikusudia kusifu.

Mahali ambapo mkazo huonyesha nguvu zake zote ni kwenye kitenzi. Rafiki yangu mmoja alipokuwa akijifunza Kihispania alinionyesha maneno matatu ya lugha hiyo yenye herufi zilezile na silabi zilezile: término, termino, terminó. Mkazo mwanzoni, ni mwisho wa jambo. Mkazo katikati, ni "namaliza". Mkazo mwishoni, ni "alimaliza". Yaani Mhispania akiteleza kwa silabi moja anabadili mtu na anabadili wakati, ndiyo sababu wanafunzi wao hukaa wakigawanya vitenzi kwa vistari na kutafuta mahali pa kuweka alama. Nikamwambia sisi tumeepushwa na hilo: wakati una silabi yake, na ni na, na li ni li, na mtenda ana yake. A-na-ma-li-za. A-li-ma-li-za. Mkazo uko li ya maliza kotekote, haumhusu mtu wala saa.

Nilijibu haraka mno. Siku hiyohiyo nilikumbuka ku.

Kitenzi kula kina mzizi wa silabi moja, la. Kwa Kinyamwezi ni kulya. Tukifuata njia ya vitenzi vingine, tungeondoa ku na kusema "anala", kama anavyopiga alivyotoka kwenye kupiga. Hatusemi hivyo. Tunasema anakula, alikula, atakula, amekula, na ku imekaa pale bila kazi yoyote ya maana. Kazi yake ni ya mgongo: mkazo unataka silabi ya pili kutoka mwisho, na na, li, ta, me hazikubali kubeba mkazo. Ku imebakizwa ibebe. Sasa tazama inavyotoweka mara tu akipatikana mbebaji mwingine. Hali: ha imebeba. Akila: ki imebeba. Wakala: ka imebeba. Simba alikula, ndiyo, lakini simba akimla mtu husemwa alimla, a-li-m-la, na ile m isiyo na irabu, ile ile babu aliyoimeza, imejitwisha mkazo wote wa neno na ku ikapewa likizo. Kuja, kunywa, kufa, vyote viko hivyo. Huyu ni mpagazi ndani ya sarufi: anakodiwa kunapokuwa na mzigo, na hakuna anayemtaja kwenye hesabu ya mwisho.

Viambishi vya nyuma navyo husogeza mkazo. Fungua ina mkazo kwenye ngu. Fungulia, kwenye li. Na l hiyo imetoka wapi? Ilikuwapo. Kiswahili kiliangusha l nyingi zilizokaa kati ya irabu, na ukiongeza kiambishi zinarudi: zaa na zalia, kaa na kalia, pokea na pokelewa. L inapoanguka silabi haianguki nayo. Fu-ngu-a imebaki tatu. Za-a ni mbili, ingawa masikio ya haraka husikia moja iliyovutwa. Mtunzi wa shairi anajua kwamba zaa inamgharimu mizani mbili. Nikafikiri juu ya watu wa Bagamoyo wanaocheka l za watu wa bara, na l zao wenyewe zimelala ndani ya vitenzi zikisubiri kuamshwa.

Mama alipokuwa akisimulia kisa cha shairi lililorudishwa, hakuwa na uchungu nacho. Uchungu ulikuwa wa babu. Kwa muda wa mwezi hakuzungumza habari ya ushairi. Kisha akanunua kitabu.

Kitabu chenyewe ninacho mimi sasa: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Amri Abedi, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1954. Mwandishi wake alizaliwa Ujiji mwaka 1924, kule njia ya misafara inakoishia ziwani, na alisoma Tabora. Tabora pia ndiko wahubiri wa Ahmadiyya walikoweka makao yao katika miaka ya 1930 chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, na kijana Amri akawa mmoja wao. Alikuwa kati ya waliosaidia tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili waliyoitoa mwaka 1953. Mwaka 1960 alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Nyerere, na Oktoba 1964 alifia Ujerumani Magharibi, akiwa na miaka arobaini. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Nimewahi kukaa humo mechi nzima, karibu na mtu aliyevaa jezi ya Yanga, nikamuuliza huyu Sheikh alikuwa nani. Akasema labda alitoa eneo.

Alitoa sheria. Kabla yake watunzi wa pwani walikuwa na elimu hii vichwani na katika miswada, wakiipokezana mtu kwa mtu. Magazeti yalikuwa yameufungua mlango: Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji wake kutoka kila upande wa Tanganyika, na watu walijibizana humo kwa tungo kama wanavyojibizana leo kwenye simu. Lakini mtu wa Kahama au Kondoa aliyetaka kujua kwa nini shairi lake lina kilema hakuwa na wa kumuuliza. Amri Abedi alikaa akaandika: vina ni nini, mizani ni nini, na lisilo na hivyo si shairi. Alikuwa mkali. Naona ukali wake ni wa mtu aliyejifunza kwa bidii jambo ambalo wengine walidai wamezaliwa nalo. Sheria iliyoandikwa ina ubaya wake, lakini ina wema mmoja, kwamba humfunga mwenyeji na mgeni sawasawa. Mtu wa Mvita akizidisha mizani, imezidi.

Hakuwa peke yake katika njia hiyo. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, na Ugogo ndiko misafara ilikolipa hongo na kununua maji. Jina lake halijakaa mbali na nyampara, mkuu wa wapagazi. Alikuja kuwa kati ya washairi wakubwa wa taifa na ndiye aliyezikuza ngonjera. Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, alizitumia tungo katika siasa. Ukiyaweka majina haya kwenye ramani, Ujiji, Tabora, Dodoma, unakuwa umechora reli, na chini ya reli, njia ya wapagazi. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi waliiita diwani yao Malenga wa Bara, miaka mitano baada ya Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, na sidhani kama jina hilo lilichaguliwa usingizini.

Ila wakati huo ugomvi ulikuwa umeshahama. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alitoa Kichomi mwaka 1974 na kutupilia mbali vina na mizani yote. Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, alikuwa ameshamtafsiri Shakespeare bila vina. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969. Wazee wa sheria walifura. Nikisoma mabishano yale naona jambo la ajabu: waliotetea mizani kwa nguvu, na waliozivunja kwa nguvu, wote kwa wingi walikuwa watu ambao mama zao hawakuwaimbia kwa Kiswahili. Binafsi nampenda Kezilahabi na nahesabu kwa vidole. Sijaona sababu ya kuchagua.

Jambo moja ambalo sheria haizungumzi sana, na ambalo babu alilishikilia mpaka mwisho, ni kwamba shairi ni la kuimbwa. Kwenye mahadhi mkazo unapoteza ufalme wake. Mwimbaji anaweza kuvuta silabi yoyote, ya kwanza au ya mwisho, na hakuna anayeshindwa kumwelewa. Kinachobaki ni idadi. Ndiyo maana ushairi wetu uliamua kuhesabu silabi na si kupima mikazo kama Waingereza wanavyofanya: mkazo ni wa wanaozungumza, mizani ni ya wanaoimba. Hata hivyo mwimbaji ndiye anayejua kama m fulani ilipata pumzi yake au la.

Kwenye kitabu chake, babu amepiga mistari ya penseli chini ya yote yanayohusu mizani. Nyuma, kwenye karatasi tupu, kuna majaribio. La kwanza baada ya kushindwa kule ni hili: Karibu mtu wa mbali. Ka-ri-bu-m-tu-wa-mba-li. Nane kamili, na kina cha li hakijaguswa. Pembeni ameandika munhu, kwa herufi ndogo, ishara kwamba alikuwa ameing'amua m. Nilimuuliza mbona hakulipeleka hilo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajala sabuni. "Mke wangu," akasema, kwani ndivyo alivyoniita tangu nilipoanza kutembea, "mtu wa mbali unamwangalia tu akipita. Mgeni ndiye unayemwambia karibu."

Chini yake kuna jingine: Mgeni wetu wa mbali. Hili nalo ni nane, m-ge-ni-we-tu-wa-mba-li, na ni jaribio la mtu aliyekwishaelewa. M imewekwa mwanzo kabisa wa mshororo, ambapo hakuna silabi nyuma yake ya kuiegemea, kwa hiyo hata yeye alilazimika kuitamka peke yake. Mgeni amerudi. Kina kipo. Karibu haipo.

Niliwahi kumsomea mama majaribio yote mawili. Alisema la pili ni zuri zaidi kuliko yote, kisha akaniuliza kama kitabu bado kina ile harufu ya ugoro. Kinayo.

Hakulipeleka popote lile la pili pia. Baada ya hayo mawili, kwa kalamu ya wino safari hii, ameliandika tena la kwanza kama lilivyokuwa, Karibu mgeni wa mbali, bila kulikata wala kulirekebisha, na tarehe ambayo ni ya miaka saba baada ya ile ya bahasha. Miaka ya mwisho aliniimbia mara kadhaa barazani, jioni, kwa mahadhi ya polepole. Nilikuwa nahesabu kwa siri, mkono nyuma ya mgongo. Kila mara ilitoka nane.